Kisiwa cha Agatha Christie Kwenye Televisheni: Nani Alibadilisha Nini?

Kwa miaka mingi wapenzi wa hadithi za upelelezi wamebishana kuhusu mwisho wa And Then There Were None, na ubishi hauishi kwa sababu kila upande una ushahidi mkononi. Aliyesoma riwaya ya Agatha Christie anasema wote kumi walikufa kisiwani. Aliyetazama filamu ya René Clair ya mwaka 1945 anasema wawili walisalimika, tena wakapendana. Kisha ikaja tamthilia ya BBC ya sehemu tatu, iliyorushwa kuanzia tarehe 26 hadi 28 Desemba 2015, na mambo yakazidi kuchanganyika. Humo wote wanakufa kama kitabuni, lakini makosa yaliyowapeleka kisiwani si yale yale, na muuaji anajifichua kwa namna ambayo Christie hakuiandika. Mtu anayetoka kwenye kitabu kwenda kwenye tamthilia ana haki ya kuuliza anatazama hadithi ya nani.

Swali hilo hujibiwa mara nyingi kwa kuangalia mwisho tu: ukiwa ule wa kitabuni, tamthilia ni aminifu, ukiwa mwingine, imepotoka. Kipimo hicho ni chepesi mno. Riwaya hii ni kesi ya mauaji iliyosimama juu ya kesi nyingine za zamani, na hizo za zamani ndizo zinazoipa uzito. Tamthilia inapaswa kupimwa hapo: nani alimkosea nani, kwa njia gani, na sheria ilishindwa wapi. Afrika Mashariki imo ndani ya kesi hizo, ingawa ni rahisi kuisoma sentensi inayoitaja na kuipita. Asiyetaka kumjua muuaji kabla ya kusoma na aishie hapa kwanza.

Riwaya isiyo na mpelelezi

Kitabu kilitoka London Novemba 1939, miezi miwili baada ya Uingereza kuingia vitani. Wageni wanane wasiofahamiana wanaalikwa kwenye nyumba iliyoko kisiwa kimoja cha pwani ya Devon, ambako wanawakuta mtumishi na mkewe. Mwenyeji aliyejiandikisha kwa jina la U. N. Owen hayupo. Usiku wa kwanza, baada ya chakula, santuri inawekwa kwenye gramafoni na sauti inasoma mashtaka: kila mmoja wao ameua, na hakuna aliyehukumiwa. Ukutani kuna shairi la watoto linalohesabu kutoka kumi kwenda chini, na mezani kuna visanamu kumi. Kila anapokufa mtu, anakufa kwa namna inayofanana na ubeti wake, na kisanamu kimoja kinapotea.

Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mwenye kiko chake na Najum wake pembeni, anasubiri mtu mwenye akili kali aingie na kufungua mafundo. Hapa haingii mtu. Polisi wa Scotland Yard wanatokea mwishoni kabisa, wakiwa na maiti kumi na ratiba ya vifo iliyokusanywa kwenye shajara za marehemu, nao wanashindwa. Jibu linapatikana kwa barua iliyotiwa ndani ya chupa na kutupwa baharini, ikanaswa na chombo cha wavuvi. Aliyeiandika ni Jaji Wargrave, mmoja wa wageni, aliyejifanya amekufa kwa msaada wa Daktari Armstrong, akawamaliza waliobaki, kisha akajipiga risasi kwa mpango uliolingana na shajara zile. Alikusudia kuwaua watu ambao mahakama isingeweza kuwafikia.

Jina la kitabu nalo lina historia yake, na ni chanzo kingine cha mkanganyiko. Toleo la kwanza la Uingereza lilibeba neno la matusi dhidi ya watu weusi, lililotoka kwenye shairi lenyewe. Wachapishaji wa Marekani walilikataa mwaka 1940 wakatumia jina linalojulikana sasa. Waingereza waliendelea nalo hadi mwaka 1985, na Wafaransa walibadilisha jina la tafsiri yao mwaka 2020. Visanamu na kisiwa navyo vilipita majina kadhaa kabla ya kuwa vya askari, kama vilivyo katika tamthilia ya BBC. Hakuna hoja nzito ya kulitetea jina lile la kwanza, na wanaodai uaminifu kamili kwa maandishi ya 1939 huwa hawalidai hilo.

Mwisho wa pili uliandikwa na nani

Mwisho wa furaha mara nyingi huhesabiwa kuwa dhambi ya Hollywood. Si kweli. Aliyeuandika ni Christie mwenyewe, alipoigeuza riwaya yake kuwa mchezo wa jukwaani uliofunguliwa London mwaka 1943. Katika mchezo huo wageni wawili, Vera Claythorne na Philip Lombard, hawana hatia, wanamshinda jaji na wanabaki hai. Christie alieleza sababu katika tawasifu yake: jukwaani watu wote wakifa, hakuna anayebaki kusimulia. Barua ya kwenye chupa inasomeka vizuri kitabuni, lakini ukumbini ingekuwa mtu mmoja anawasomea karatasi watu waliokwisha kuvaa makoti. Tena shairi lenyewe lilikuwa na matoleo mawili, moja likimalizia kwa kitanzi na jingine kwa ndoa, kwa hiyo alilipata badiliko ndani ya hadithi yake. Ongeza kwamba London ya 1943 ilikuwa mji uliopigwa mabomu, na si vigumu kuelewa kwa nini mwisho ule ulipokelewa.

Filamu zikafuata jukwaa. Ya Clair ilichukua mwisho wa mchezo. Baadaye mtayarishaji Harry Alan Towers akaitengeneza hadithi hiyo mara tatu: mwaka 1965 kwenye milima ya theluji, mwaka 1974 kwenye hoteli ya Iran, na mwaka 1989 kwenye safari ya mbugani Afrika. Mahali palibadilishwa kila mara bila shida, ila wawili waliendelea kusalimika. Aliyekwenda kinyume ni Stanislav Govorukhin wa Umoja wa Kisovyeti, ambaye filamu yake ya mwaka 1987 iliufuata mwisho wa riwaya. Jukwaa la London nalo liliurudisha mwaka 2005, kwa mchezo mpya wa Kevin Elyot.

Kwa hiyo BBC ilipomkabidhi kazi mwandishi Sarah Phelps na mwongozaji Craig Viveiros, ilikuwa inaurudishia mwisho wa kitabu nafasi iliyokuwa imechukuliwa na filamu nne za Kiingereza. Kwa kipimo cha mwisho peke yake, tamthilia hiyo ni aminifu kuliko zote hizo nne. Ukiangalia yaliyomo ndani, mambo si mepesi hivyo.

Hoja ya uaminifu

Wanaotaka kitabu kifuatwe wana hoja yenye nguvu kuliko inavyodhaniwa. Riwaya ya upelelezi ya miaka ya 1930 ni kama mkeka: ukichomoa ukili mmoja, unaofumuka si huo tu. Kwenye riwaya hii, mpangilio wa vifo wenyewe ni hukumu. Jaji anaeleza kwenye barua yake kwamba aliwatanguliza wenye hatia nyepesi ili wasiteseke kwa hofu, akawabakiza wazito wapite kwenye mateso marefu. Anthony Marston, kijana aliyewagonga watoto wawili kwa gari bila hata kujuta, anakufa wa kwanza kwa kuwa jaji anamwona amezaliwa bila dhamiri. Mke wa mtumishi anafuata kwa sababu alimtii mumewe. Vera, aliyemwacha mtoto Cyril aogelee kuelekea kifo chake ili mpenzi wake Hugo arithi mali, ndiye wa mwisho kati ya washtakiwa. Ukibadilisha kosa la mtu bila kubadilisha zamu yake ya kufa, umevuruga hesabu ya muuaji.

Udhaifu wa kambi hii unaanzia kwa Christie mwenyewe. Kama mwandishi aliona mwisho wake haufai jukwaani, ni vigumu kudai kwamba kila neno la kitabu ni lazima. Pia kitabu kinaishi ndani ya vichwa vya watu kumi. Tunasikia mawazo yao, pamoja na ya muuaji, na ustadi wa Christie ni kwamba mawazo ya jaji hayasemi uongo hata mara moja, ila hayasemi yote. Kamera haina njia ya kufanya hivyo. Ukipiga picha kurasa zile kama zilivyo, utapata watu wanaokaa kimya wakitazamana. Na wapo wanaotaja uaminifu wakisahau kwamba maandishi yale yana mambo yasiyostahili kuhifadhiwa: mtu wa kati aliyeandaa mipango ya kisiwa, Isaac Morris, amechorwa kwa dharau za wakati ule dhidi ya Wayahudi.

Hoja ya uhuru

Upande wa pili unasema televisheni ni kazi nyingine, na mwandishi wake ana haki ya kutafuta njia zake. Tamthilia ya 2015 inaipa hoja hii ushahidi mzuri. Ilikuwa na takriban saa tatu, muda ambao filamu ya Clair, isiyofika dakika mia moja, haikuupata. Phelps aliutumia kuyatoa nje mawazo ya wahusika: waliokufa zamani wanarudi kama kumbukumbu na kama mizuka, na Vera, aliyechezwa na Maeve Dermody, anamwona Cyril kila nyumba inapotulia. Hatia iliyokuwa sentensi kitabuni ikawa mtoto aliyelowa maji. Hapo televisheni ililipa deni lake kwa lugha yake.

Uhuru huu una hatari zake, na watazamaji wa Christie wanazijua. Mfululizo wa Joan Hickson wa miaka ya 1984 hadi 1992 ulizigeuza riwaya zote kumi na mbili za Miss Marple kwa heshima kubwa. Mfululizo mwingine wa ITV, ulioanza mwaka 2004, ulimwingiza bibi huyo hata kwenye hadithi ambazo Christie hakumweka. Phelps mwenyewe, alipofika kwenye Ordeal by Innocence mwaka 2018, alimbadilisha muuaji. Hilo ni jambo zito. Katika riwaya ya upelelezi dalili zote zimepandwa ili zimwelekee mtu mmoja, na ukimbadilisha mtu huyo, aliyesoma kitabu anadanganywa na aliyeanza na tamthilia anapotezwa.

Katika And Then There Were None, uhuru mkubwa uko kwenye onyesho la mwisho. Vera amekwisha kutia shingo kitanzini, ndipo Wargrave, aliyechezwa na Charles Dance, anaingia akiwa hai na kumweleza yote huku kiti kikiyumba chini ya miguu yake. Vera anajaribu kupatana naye. Kisha jaji anakiondoa kiti, anakwenda mezani na kujiua. Kwa nguvu ya tamthilia, onyesho hili linaishinda barua ya kwenye chupa. Linamfichua Vera pia, kwa kuwa jinsi anavyojadiliana inatuonyesha mtu yule yule aliyemdanganya mtoto ufukweni.

Kilichopotea ni polisi. Kitabuni sheria inafika, inafanya kazi yake kwa uangalifu, na inakwama. Kukwama huko ni sehemu ya maana, kwa sababu jaji alitaka kutunga fumbo lisilofumbulika, kisha majivuno yakamshinda akaandika barua ili ajulikane. Tamthilia inamtafutia shahidi papo hapo, na shahidi huyo anakufa dakika chache baadaye. Majivuno ya jaji yanatoshelezwa mapema, na kushindwa kwa sheria hakuonekani tena. Kwa maoni yangu biashara hii ilikuwa halali: televisheni ilipata onyesho kubwa kwa gharama inayovumilika.

Makosa yaliyoandikwa upya

Mabadiliko yaliyo mazito zaidi yako katikati, na hayazungumzwi sana. Jenerali Macarthur wa kitabuni alimtuma Arthur Richmond, mpenzi wa siri wa mkewe, kwenye shambulio ambalo alijua hatarudi. Ni kosa la Daudi kwa Uria. Kwenye tamthilia anampiga risasi kwa mkono wake. Mtumishi Rogers na mkewe wa kitabuni walimnyima bibi yao, Jennifer Brady, dawa wakati wa uhitaji. Kwenye tamthilia, Brady anazibwa pumzi kwa mto. Blore, polisi wa zamani, kitabuni alitoa ushahidi wa uongo uliompeleka James Landor gerezani, akafia huko. Kwenye tamthilia alimpiga Landor hadi kufa ndani ya selo, akimwadhibu kwa kuwa alipenda wanaume.

Sababu ya mabadiliko haya inaeleweka. Kamera hutaka tendo. Mkono unaonyima dawa hauonekani unafanya kitu, na amri ya kijeshi iliyotolewa kwa nia mbaya inafanana kabisa na amri ya kijeshi ya kawaida. Mtazamaji wa leo, aliyezoea maiti kila jioni, huenda asiamini kwamba jambo kama hilo linamstahilisha mtu kifo.

Lakini huko kutoonekana ndiko kulikokuwa msingi wa riwaya. Jaji hakuwa akiwatafuta wauaji waliokwepa polisi. Aliwatafuta watu ambao, hata wangesimama kizimbani, sheria isingekuwa na kifungu cha kuwashika. Jenerali aliyetuma askari hajavunja sheria yoyote. Jenerali aliyempiga risasi mwenzake ni muuaji wa kawaida ambaye hakukamatwa tu. Zamu ya vifo nayo inapoteza maana: Macarthur wa tamthilia aliyeua kwa mkono wake anakufa wa tatu, akiwa ametangulia mbele ya Emily Brent, ambaye kosa lake ni kumfukuza binti wa kazi aliyekuwa mjamzito. Kwa mizani ya jaji, hilo halielezeki.

Badiliko la Blore, hata hivyo, si hasara. Mapenzi kati ya wanaume yalikuwa jinai Uingereza hadi mwaka 1967, kwa hiyo Landor wa tamthilia asingepata mtetezi, na afisa aliyemuua hakuwa na wa kumwogopa. Hapo Phelps aliondoa kosa ambalo sheria haikuliona akaweka kosa ambalo sheria ilikataa kuliona, na msingi wa Christie ukabaki umesimama, pengine imara zaidi. Angeifanya kazi hiyo hiyo kwa Macarthur na kwa Rogers, tamthilia ingekuwa kazi kubwa kuliko ilivyo.

Wanaume 21

Shtaka la Philip Lombard kwenye santuri ni kwamba Februari 1932 alisababisha vifo vya wanaume 21 wa kabila moja la Afrika Mashariki. Katika kitabu anakiri bila aibu. Walipotea porini, yeye na wenzake wachache wakachukua chakula chote na kuondoka. Utetezi wake ni kwamba wenyeji hawaogopi kufa kama Wazungu. Vera baadaye anasema walikuwa wenyeji tu. Anayemkemea, akisema kwamba weusi kwa weupe wote ni ndugu zetu, ni Emily Brent, mwanamke yule yule asiyemwonea huruma binti aliyekuwa akiishi naye nyumba moja. Christie aliijua tabia hiyo ya kuwapenda walio mbali na kumtupa aliye karibu.

Tamthilia ilibadilisha kosa hili pia. Lombard, aliyechezwa na Aidan Turner, anawaua watu hao kwa ajili ya almasi. Faida ipo: mtazamaji hawezi tena kulipuuza shtaka kama ajali ya safari, na damu ya ukoloni inatajwa kwa jina lake. Hasara yake naona ni kubwa zaidi. Muuaji wa almasi ni jambazi, na jambazi yuko katika kila nchi na kila enzi. Mtu anayechukua chakula na kuwaacha waliokuwa naye wafe, akiamini kabisa kwamba wao hawaumii, ni zao la mfumo uliomfundisha hivyo.

Afrika Mashariki inaujua mfumo huo kwa uchungu. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliwachukua wapagazi kwa mamia ya maelfu kubeba mizigo ya jeshi, na waliokufa walimalizwa zaidi na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina yao, au hawakuadhimishwa kabisa. Lombard wa kitabuni ni mtoto halali wa historia hiyo. Yule wa almasi anaikwepa.

Kuna jambo moja ambalo kitabu na tamthilia vinalishiriki. Kila marehemu mwingine anayetajwa kwenye santuri ana jina: Edward Seton, Beatrice Taylor, Louisa Clees, John na Lucy Combes, Cyril Hamilton, pamoja na Brady, Landor na Richmond. Wanaume 21 wana idadi tu. Kabila halitajwi, wala nchi. Hata chanzo cha habari hakishikiki: kwenye barua ya jaji, aliyemsimulia mambo ya Lombard ni mtu aliyerudi kutoka Amazon, na hakuna mahali panapoelezwa alizipataje habari za Afrika Mashariki. Mwandishi aliyepanga kila kidonge na kila risasi hakuona haja ya kupanga hili.

Hapa ndipo kambi zote mbili zingeweza kukutana. Anayedai uaminifu hawezi kulalamika pengo likijazwa, kwa kuwa halifuti sentensi hata moja ya Christie. Anayedai uhuru hawezi kupata mahali penye nafasi kubwa kuliko hapa, kwani kitabu kimeacha wazi walikuwa akina nani, waliajiriwa kwa kazi gani, nani alirudi hai akasimulia, na nani kule nyumbani aliwasubiri. Tamthilia ijayo inaweza kumrudishia Lombard kosa lake la awali la kuchukua chakula na kuondoka, na ikawapa waliokufa majina ndani ya shtaka lenyewe. Mwandishi wa skripti atalazimika kuchagua nchi na watu wa kweli, na kufanya utafiti wa majina yao badala ya kubuni sauti zinazofanana na Kiafrika. Kuyasoma majina 21 kwenye santuri ile kungechukua chini ya dakika moja.